Moto wa Mama Mkwe

Siku hiyo Bi. Tupokigwe aligombana na binti yake mpaka chai ikapoa vikombeni. Subilaga alikuja kutoka mjini na sufuria ya umeme ndani ya boksi, akaitua mezani, akasema bila kuzunguka: "Mama, muuguzi amesema kifua cha Atupele hakitapona ndani ya moshi. Zima moto huo, ama kesho naondoka na mwanangu." Kuondoka na Atupele! Mjukuu aliyemlea tangu aachishwe ziwa, analala naye kitanda kimoja! Lakini moto ule nao haukuwa wa kuzimwa hivi hivi. Alipoolewa, katika baridi ile ya Tukuyu, mama mkwe wake alimletea kaa jekundu kwenye kigae, akamwambia asiliache lizimike. Na kwa miaka thelathini na miwili Bi. Tupokigwe alilifukia kwa majivu kila jioni, akalifukua kila alfajiri. "Nikamwambie nini marehemu?" aliuliza. "Na lile tanuri la matofali bondeni, linalofuka kutwa kucha, mbona halizimwi? Serikali imeahidi kupunguza moshi wa nchi nzima, ikaona ianze na vijiti vyangu vitatu?" Subilaga akatoka kwenda kukaa uani. Mama mtu akabaki kwenye kigoda kando ya mafiga, mtoto amemlalia mapajani, moyo umemjaa, na usingizi wa mchana ukamwiba.

Akajiona yuko njiani katika nchi asiyoijua, nchi ambayo moshi haupandi juu ukapotea, bali kila mtu ameufunga wake kama mzigo wa kuni na kujitwika kichwani. Walikuwako wenye viwanda na madereva wa malori, wachoma mkaa na wenye tanuri, wote shingo zimewatitia. Fungu lake mwenyewe lilikuwa dogo, na kusema kweli alijisikia vizuri kuliona dogo. Njia ikafika kwenye lango, na langoni ameketi mtu mnene, mpole, nguo zimepigwa pasi, jina lake Bwana Waanze-Wao. Kila aliyefika alimsogezea kiti. "Keti, mama yangu, pole na safari," alisema. "Wewe na kifungu hicho? Usikitue mpaka mwenye tanuri atue lake." Na mwenye tanuri alipofika akamwambia asitue mpaka watue matajiri wa ng'ambo. Basi nchi nzima ilikuwa imekaa vitini, mtu anamtazama mwenzake. Bi. Tupokigwe naye akaketi, maana maneno yale aliyasema mwenyewe asubuhi ile, na kiti kilikuwa kizuri.

Hajakaa sawasawa, akashikwa bega na mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga kiunoni kama mtu aendaye shamba. "Naitwa Kiasi," alisema. "Umekaa umestarehe, dada yangu. Hebu geuka, utazame anayekubebea." Akageuka. Nyuma ya kila kiti alisimama mtoto, na kila mkubwa alipoketi mzigo wake ulimteleza ukamwangukia mtoto. Atupele alikuwa pale, chini ya fungu la tanuri, na la malori, na juu kabisa lile dogo la bibi yake, anakohoa kile kikohozi bibi anachokijua.

Bi. Tupokigwe alilia. Alijaribu kuyanyanyua yote, hayakunyanyuka. "Hutayaweza peke yako," Kiasi akamwambia. "Mwenye mzigo mkubwa atue kikubwa, na asiyetaka, sheria imtue. Tazama kule mbele, wameshaanza: mwenye kiwanda amebadili moto wake, wa malori wamebadili yao, kidogo leo na kidogo kesho, mpaka mlima uliofichwa na moshi umeanza kuonekana. Lakini wewe uliyekaa na lako, ukimwambia mwenye tanuri atue, atakusikiliza?"

"Langu ni amana ya marehemu," akasema kwa sauti ndogo.

Ndipo akamwona mama mkwe wake, amesimama kati ya watoto, mkono kifuani, kwani yeye naye alikufa akikohoa. "Mkwe wangu," alisema mzee yule, "ulikuja kwangu na baridi, unatetemeka. Nilikupa joto. Lau ningekuwa na kingine cha kukupa joto, ningekupa hicho." Akachukua lile fungu dogo mgongoni kwa Atupele, akalilaza chini polepole, kama anavyolazwa mtoto.

Kikohozi ndicho kilichomwamsha. Atupele alikuwa bado mapajani, na moshi umetanda chumbani. Bi. Tupokigwe akambeba mpaka uani, akamweka mikononi mwa mama yake, akarudi ndani peke yake. Alikaa na kaa lile kidogo. Akamshukuru marehemu kwa jina lake, kisha akalimwagia maji, na lilipolia akalia nalo.

Alitoka na boksi. "Mwanangu, kitu chenyewe hiki kinawashwaje? Na kesho huondoki na mtoto. Kesho unanisindikiza bondeni. Nina neno na mwenye tanuri, na leo ninao mdomo wa kulisema."

Atupele alichungulia mlangoni, akaona mafiga meusi. "Bibi, moto umekwenda wapi?"

"Umelala, mjukuu wangu. Ulikuwa umechoka."