Siku Moshi Ulipogeukia Gisenyi

Kila asubuhi, kabla ya kuanika nguo, Kaltumu hutazama kwanza moshi wa volkano ya Nyiragongo. Wanawake wote wa mtaa wake Gisenyi, upande wa Rwanda wa mpaka, hufanya hivyo. Ukielekea magharibi, Kongo, wanaanika. Na karibu kila siku huelekea huko.

Huko magharibi, Sake, ndiko alikoolewa binti yake Saidati. Moshi huingia mpaka ndani ya sufuria, maji ya mvua yanayotoka kwenye bati yana uchungu, na Kadiri, mjukuu wa miaka minne, hukohoa hadi macho yanamtoka.

Kaltumu alimwuliza mdogo wake Habib, mwalimu wa jiografia, kama upepo huo una mwisho.

"Juwa inapasha hewa ya hapa katikati ya dunia, inapanda juu," Habib alisema. "Hewa ingine inakuja kujaza nafasi. Na vile dunia inazunguka, donc, basi, upepo inapinda, inaenda magaribi. Ni desturi yake, dada. Mara mingi ni vile."

Hiyo "mara mingi" Kaltumu hakuitilia maanani. Mwenye shida husikia anachokitaka. Ijumaa alivuka mpaka, akamleta mtoto, akatamba mtaani kama aliyekodi mbingu: "Mi najua upepo! Uku kwetu moshi haifikake."

Usiku ule Kadiri alilala kimya, na bibi akalia kwa furaha.

Jumapili jioni akasikia harufu ya kiberiti hewani. Alitoka nje mbio. Moshi ulikuwa umegeuka, umetanda juu ya mabati ya mtaa mzima na juu ya nguo zake kwenye kamba. Desturi si ahadi, masikini Kaltumu, na nani angemwambia sasa?

Alifunga madirisha, akaziba nyufa kwa kitenge kilicholowa. Kadiri akaanza. Kikohozi kilekile. Alimwinua, akampigapiga mgongo, akamnywesha maji. Amkimbize wapi? Mpaka ulishafungwa kwa usiku ule, na upepo haushikiki mkono ukaombwa urudi. Aliogopa, akajiona si kitu.

Simu ikalia. Ni Saidati, sauti imejaa furaha.

"Mama, uku kwetu leo iko safi! Moshi imetoka yote, Mungu amesikia dua. Kadiri iko anapumua muzuri?"

Kaltumu alimkumbatia mtoto, akambana uso kifuani ili kikohozi kisivuke mpaka.

"Iko muzuri, mwanangu," alisema. "Amelala."