Bastola Iliyoenea Mfuko wa Aproni

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Niko hapa mgahawani kwa Odessa, Bonde la Cutler, Tennessee, kikombe cha kahawa mbele yangu na mashahidi meza nzima, na nimeshaapa: atakayenikamata na uongo hata wa punje, kila aliyemo humu atakula pai kwa mfuko wangu.

Bi Verlene Stiltner mnamjua, mjane wa Orbie, nyumba ya mwisho kule juu lami inakoishia. Mwezi Machi wezi walivunja kwa jirani yake wakang'oa mpaka mabomba ya shaba ukutani. Binti yake Renita, anayekaa Knoxville, akapiga simu.

"Mama, unahamia kwangu."

"Sihami. Nina kuku."

"Kuku ndio watakulinda?"

"Kuna jogoo."

Renita hakucheka. "Basi nunua bastola, na uwe unaibeba. Bandani, kwenye sanduku la barua, kanisani, popote. Jumapili nakuja kula. Ukiikoki mwenyewe mbele yangu, unabaki kwako, na sitakusumbua tena. Ukishindwa, kuku unawagawa, na wewe unapanda gari langu."

Bi Verlene akakubali pale pale. Alimwona Orbie akikoki maisha yake yote: anashika kile chuma cha juu, anakivuta nyuma, anakiachia, klak. Akadhani ni kama kufunga zipu. Bunduki za Orbie zenyewe wajukuu walishagawana tangu mazishini, kwa hiyo akavaa gauni lake la kanisani akateremka kwa Dwight, muuza bunduki.

Duka la Dwight halikosi wanaume. Hawanunui, wanaegemea kaunta ya kioo na kunywa kahawa ya bure. Siku hiyo aliyeegemea alikuwa Burl Tackett, huyo aliyekaa pale mlangoni leo, aliyekuja kutafuta ndoano za samaki.

"Nataka ya kuficha," akasema Bi Verlene. "Ndogo. Na bei yake iwe ya mtu anayekula pensheni ya mgodi."

"Mpe ya gurudumu, Dwight," Burl akadakia. "Haina mambo mengi. Unavuta, inalia."

Dwight akamkabidhi bastola fupi ya gurudumu la risasi, tupu. Bi Verlene akaelekeza kwenye kichwa cha paa kilichotundikwa ukutani, akavuta. Akavuta tena kwa nguvu, kifyatulio hakikusogea. Vifundo vyake vya vidole vimevimba kwa baridi yabisi, kama mizizi ya tangawizi. Burl akaanza kusoma bei za ndoano. Dwight akakohoa. Hata yule paa ni kama alitazama kando.

"Hiyo ngumu hata kwangu," Dwight akadanganya kwa heshima. "Ngoja nikupe ya kina mama."

Sasa mnajua adabu za wanaume wa bonde hili. Hawamwachi mwanamke afungue mlango, abebe gunia, wala avute chochote. Kila bastola aliyoitoa Dwight, aliivuta yeye kile chuma cha juu, akaonyesha kwamba ndani hamna risasi, akampa ikiwa wazi, kama mtu anayekumenyea chungwa. Bi Verlene aliipima uzito, akairudisha. Hii nene. Hii nzito. Hii nzuri, lakini bei yake ni ya daktari wa meno. Hakuna aliyemwambia ajaribu kuvuta mwenyewe, naye, baada ya ile aibu ya gurudumu, hakuomba.

Mwisho ikatoka moja ndogo, nyembamba, rahisi kuliko zote. Akaitia mfuko wa gauni, ikapotea kabisa.

"Hii itaenea mfuko wa aproni?"

"Bi Verlene, hiyo itaenea mfuko wa mwanasesere."

Akainunua.

Nyumbani akakaa mezani, akaipakata, akashika kile chuma, akavuta. Hakikuja. Akafuta mikono. Akavaa glavu za bustani. Akajaribu kwa kile kipande cha mpira anachofungulia chupa za achari. Akaibana katikati ya magoti akavuta mpaka machozi yakamtoka, na jogoo dirishani akawika, akaambiwa anyamaze. Ijumaa akampigia Dwight.

"Dwight, hii kitu imeganda."

"Haijaganda, Bi Verlene. Zile ndogo ndizo zenye springi ngumu. Kubwa ndiyo laini. Nilidhani unajua."

"Ningejuaje, mwanangu? Uliivuta wewe."

Dwight akasema bunduki ikishatoka mlangoni ni mtumba, angeichukua kwa nusu bei tu. "Au mwombe mtu akukokee, uibebe hivyo hivyo."

"Mtu gani, Dwight?"

Bi Verlene akakata simu.

Jumapili Renita akafika. Mezani kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi. Bi Verlene hakula. Alikuwa ameloweka mikono kwenye maji ya moto tangu alfajiri. Akasimama, akaitoa bastola mfukoni, akaelekeza mtutu wake ukutani, akalitaja jina la Orbie na kuvuta. Na mimi nawaambia, chuma kilikuja! Kilikuja kwa nguvu hata kikachomoka, kikaruka juu ya meza, kikapiga kengele ya jikoni, Renita akakalia bakuli la viazi. Bi Verlene anaishi kule juu mpaka leo, na juzi dubu aliyeingia bandani aliisikia ile klak tu, akageuka akaomba radhi...

"Dubu gani?"

Sauti ilitoka meza ya nyuma yangu. Nikageuka. Bi Verlene mwenyewe, na koti lake la safari, na Renita pembeni yake akitazama sahani.

"Niliivuta mara tatu," akasema taratibu, kama anayemsahihisha mtoto. "Haikuja. Renita akaichukua, akaivuta kwa vidole viwili. Hakunicheka. Afadhali angenicheka." Akapangusa makombo mezani. "Kuku amewachukua Burl. Jogoo hakumtaka, kwa hiyo tulimla. Leo nimekuja kufunga nyumba."

Odessa akasimama na birika la kahawa mkononi.

"Na bastola?" nikauliza, ili niulize tu.

"Iko kwenye kabati la Renita. Juu. Siifikii."

Nikatoa pochi. Odessa akaanza kukata pai, ya tufaha kwa meza yangu, ya pichi kwa Burl, vipande viwili kwa meza ya nyuma. Bi Verlene akanisogezea kikopo cha jamu kilichofungwa.

"Kwa kuwa unalipa," akasema, "nifungulie na hiki."

Nilikishika, nikazungusha, nikazungusha tena. Kisha nikampa Renita.