Gambuti za Mwenyekiti

Mvua ilikuwa haijanyesha kijijini Satauvai kwa wiki tatu. Kwa hiyo asubuhi ya ukaguzi, Bi Vaelupe alipotokea na gauni la sare la kamati, ua jekundu sikioni, na miguuni gambuti nyeupe za mumewe, zile za kuingilia shamba la magimbi, akina mama walitazamana.

"Mwenyekiti," Makerita akasema, "tunakwenda kukagua au kulima?"

"Nyumba ya kwanza, kwa Lupelele, kuna tope."

"Tope la wapi, dada? Kwa Lupelele hata kuku wanatimua vumbi."

"Wewe shika daftari lako. Kazi ya katibu ni kuandika."

Makerita akacheka, kama alivyocheka kila kitu tangu utoto wao, hata misibani, na hakuna aliyewahi kumnunia zaidi ya siku moja. Akalitia daftari kwapani, safari ikaanza.

Mara moja kwa mwezi kamati ya afya ya akina mama ilipita nyumba kwa nyumba. Kila familia ilitandaza mali yake mbele ya watu: mikeka, shuka, foronya, neti za mbu, glasi zimepangwa juu ya meza kama za harusi. Choo kilifunguliwa, jiko lilichunguliwa. "Kilicho cha nyumba kitoke kionekane," Vaelupe alikuwa akitangaza getini, kwa sauti ya kufukuza nguruwe. Aliyepatikana na kosa alitozwa samaki wa kopo wawili, walioliwa na wote siku ya kupima watoto uzito. Samaki hawakumuuma mtu. Kilichouma ni kusomwa jina.

Mwezi uliopita lilisomwa jina la Fuatino, mke mgeni aliyeolewa kutoka upande wa pili wa kisiwa. Neti yake ilikuwa na tundu. Vaelupe alipenyeza kidole kwenye lile tundu akakichezesha watu waone, na kijiji kizima kikaangua kicheko. Fuatino peke yake hakucheka. Aliinamisha uso, akasema "ndiyo, mama," akaenda kutafuta uzi.

Sasa hizo gambuti. Wiki tano nyuma, Vaelupe akiwa anachonga majani ya mkadi ya kusukia mikeka, mwiba ulimwingia kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Aliung'oa, akafuta damu, akaendelea na kazi. Kidonda hakikufunga. Kilipanuka, kikaanza kuwa cheusi pembeni, na kibaya kuliko vyote, kikaacha kuuma.

Na alijua maana yake. Hapo ndipo mtu unaposhindwa kumwonea huruma. Siku ya kupima sukari kwenye nyumba ya kamati, Nesi Telesia alikuwa amesema mwenye sukari akipata kidonda kisichouma asingoje kesho, na ni Vaelupe huyuhuyu aliyesimama kuyarudia maneno hayo kwa sauti kubwa ili wa nyuma wasikie. Aliwaita watu kwa majina waje wachomwe kidole, akawakemea waliojificha chooni. Mwisho nesi akamgeukia: "Na wewe, mama?" Akajibu, "Niache kwanza niwaandalie watu chai." Ilikuwa mara ya tatu kukwepa.

Aliogopa, basi. Mama yake mzazi alivushwa bahari kwenda hospitali ya mjini kwa ajili ya kidole, akarudi na mguu mmoja, na Krismasi hakuifikia. Kaburi lake lilikuwa pale mbele ya nyumba, limepakwa chokaa vizuri. Kila Vaelupe alipojiambia leo nakwenda kwa nesi, alitoka nje, akaliona, akarudi ndani. Mwanamke aliyewatoa jasho wake wote wa machifu wa Satauvai alikuwa anaukimbia ukucha wake mwenyewe.

Kwa Lupelele hapakuwa na tope, bila shaka. Wenzake wakavua ndala penye ngazi, kama ilivyo kila nyumba, wakapanda kwenye sakafu ya juu isiyo na kuta. Vaelupe akasimama chini.

"Mwenyekiti, karibu ndani," Lupelele akasema.

"Naona kutoka hapa."

"Utaonaje neti kutoka huko?"

"Nina macho. Pita."

Lupelele, ambaye hajawahi kupita bila kuhojiwa nusu saa, alibaki mdomo wazi. Nyumba ya pili ikawa vilevile. Nyumba ya tatu glasi zilikuwa na alama za vidole zinazoonekana kutoka barabarani, naye akasema pita. Habari zikatangulia mbele yao zikipita nyuma ya nyumba: leo mwenyekiti anakagua kwa mbali. Walipofika kwa Bi Moelagi, mama huyo alikuwa hata hajajisumbua kukunja nguo. Alizisukumia zote nyuma ya sanduku, akakaa mbele yake akijipepea.

"Safi sana," akasema Vaelupe kutoka ngazini.

"Asante, mwenyekiti. Nimehangaika usiku kucha," akajibu Moelagi bila aibu hata chembe.

Makerita aliandika huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lakini Fuatino, aliyekuwa akitembea nyuma ya wote kama wake wageni wanavyotembea, hakuwa akitazama glasi wala neti. Alikuwa akimtazama mbwa. Mbwa wa Lupelele alikuwa amewafuata tangu nyumba ya kwanza, na kila Vaelupe aliposimama, naye alisimama, akanyoosha pua kwenye gambuti ya kushoto. Vaelupe alimpiga teke mara mbili. Mbwa alirudi mara tatu.

Nyumba ya mwisho kukaguliwa ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe, na mkaguzi wake alikuwa yule aliyetozwa faini mwezi uliotangulia. Sheria hiyo aliitunga Vaelupe, miaka kumi na moja nyuma, watu walipoanza kunung'unika kwamba yeye hakaguliwi. Miaka yote hiyo wakaguzi walipita haraka, wakasema pita, wakakimbilia kakao ya kufungia ukaguzi. Nani angethubutu?

Makerita akamkabidhi Fuatino daftari. "Haya, bibie. Leo siku yako."

Vaelupe alitafuta nguzo ya kuegemea. Alimwona msichana yule akivua ndala zake, akizipanga vizuri, akiingia. Akakumbuka kile kidole chake mwenyewe kwenye tundu la neti, na kwa mara ya kwanza akaona aibu.

Fuatino hakuwa na haraka. Alihesabu neti, akazikunjua moja moja kwenye mwanga. Alihesabu glasi. Alipitisha kiganja juu ya mikeka. Akina mama nje walianza kuguna, maana kakao ilikuwa inapoa.

"Shuka," akasema, "moja, mbili, tatu…" Alizikunjua zote. Ya kumi ilikuwa chini kabisa, imekunjwa ikawa ndogo. Akaikunjua. Upande mmoja ulikuwa umechanwa kutoka juu hadi chini, vipande vyembamba, upana wa vidole vitatu.

"Hii imechanwa, mama."

"Ya zamani hiyo."

"Ina yale maua uliyotufundisha kudarizi Mei hii."

Makerita akaanza kucheka, akaangalia uso wa rafiki yake, akaacha. Hilo lilikuwa jambo geni, na kila mtu akaliona.

Fuatino aliiweka shuka chini. Akashuka ngazi, akasimama karibu kabisa na Vaelupe, mgongo wake ukiwazuia wengine wasione, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, naweza kuandika shuka moja, samaki wawili. Twende tukanywe kakao, yaishe. Hakuna atakayeuliza."

Vaelupe alimtazama. Alikuwa amejiandaa kuumbuliwa. Huruma hakuitegemea, na ikamkera.

"Sasa unangoja nini? Andika."

"Nangoja useme wewe. Baba yangu alivaa viatu vya kanisani miezi miwili, mama. Mpaka baharini aliingia navyo. Harufu hii naijua."

Vaelupe hakuuliza baba yuko wapi. Alikuwepo kwenye harusi ya Fuatino. Aliyesimama mahali pa baba alikuwa ami yake.

Akaangalia kaburi jeupe. Akaangalia akina mama kumi na tisa waliovaa sare aliyowachagulia yeye. Akawaza kwamba akisema sasa watamsema mwaka mzima, na asiposema watamwimbia kaburini. Kisha akakaa kwenye ukingo wa sakafu, akanyoosha mguu wa kushoto.

"Kilicho cha nyumba kitoke kionekane," akasema, si kwa sauti yake ya nguruwe, ila kila mtu alisikia. "Makerita, nivute buti hii."

Makerita akashika kisigino, akavuta. Haikutoka. Akaweka mguu wake kwenye ngazi, akavuta kwa nguvu zote, na gambuti ikachomoka ghafla, naye akaanguka chali nayo kifuani. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Fuatino akafungua vile vipande vya shuka, na kicheko kikakatika.

Mbwa peke yake alisogea. Bi Moelagi akaanza kulia.

"Nani kafa?" Vaelupe akamuuliza. "Badala ya kulia nenda katoe zile nguo nyuma ya sanduku. Unadhani sikuziona?"

Mumewe, Sakaio, alikuwa ametokea nyuma ya nyumba kusikia kulikoni. Alitazama gambuti mikononi mwa Makerita, akatazama mguu wa mkewe.

"Wiki mbili nakwenda shamba peku," akasema taratibu. "Ukaniambia zimeibwa. Nimegombana na jirani." Akageuka haraka kwenda kuwasha pikapu.

Fuatino alipanda nyuma pamoja na Vaelupe bila kuombwa, akaupakata ule mguu, maana barabara ya kwenda zahanati ina mashimo ya kumwaga roho.

"Wakisema mguu mzima?" Vaelupe akauliza. Hakutaka kuuliza. Swali lilitoka lenyewe.

"Watasema watakachosema. Mimi nitakuwepo."

"Niliwafanya watu wakucheke kwa ajili ya tundu dogo, mwanangu."

"Neti ilikuwa na tundu kweli, mama. Mbu walikuwa wanaingia."

Nesi Telesia alipokiona kidonda alivaa glavu kwanza. Akapima sukari, akaonyesha namba bila maelezo. Kisha akasema kidole kile hakitapona tena, lakini mguu bado uko, na kama wangekuja baada ya wiki nyingine mbili asingesema hivyo. Jioni ileile wakamvusha bahari. Kwenye feri Vaelupe alikaa akitazama mbele, mkono wa Sakaio juu ya goti lake, mpaka taa za ng'ambo zikaonekana.

Asubuhi iliyofuata, huku kijijini, Makerita alikwenda kwa nesi kwa miguu yake, akatoa kidole kichomwe. Yeye naye alikuwa ameshakwepa mara tatu. Kumbe alikuwa akiandika jina lake kwenye orodha ya waliopimwa, maana kalamu ni yake. Sukari ilikuwa juu. Alicheka pale kwa nesi, akalia nyumbani, na kesho yake alionekana alfajiri akitembea barabarani kwa kasi na ndala mkononi.

Siku ya ukaguzi uliofuata Vaelupe alirudi kwenye nafasi yake, fimbo mkononi, kiti kikibebwa nyuma yake nyumba hadi nyumba. Alikagua kila kitu. Nyumba tano zilipata faini, Bi Moelagi mara mbili. Ila kulikuwa na jambo jipya ambalo hakuliamuru mtu: kwa Lupelele, baada ya mikeka na glasi, mama huyo alikaa ukingoni mwa sakafu akanyoosha nyayo zake zitazamwe. Nyumba ya pili nao wakafanya hivyo. Makerita alipotaka kucheka, Nesi Telesia, aliyefuatana nao siku hiyo, alimwambia aandike miguu pia.

Walipofika kwa mwenyekiti, sheria ikabaki sheria: mkaguzi akawa aliyetozwa mwezi uliopita. Lakini aliyetozwa mwezi uliopita alikuwa mwenyekiti mwenyewe, shuka moja, na mtu hajikagui. Wakabishana kidogo, wakampa daftari Fuatino.

Akakunjua neti. Akahesabu glasi. Hakuharakisha hata kidogo.

"Shuka tisa," akasema. "Ile ya kumi haijashonwa bado, mama. Samaki wawili."

"Nilikuwa hospitali, wewe."

"Ndiyo, mama. Samaki wawili."

Akina mama wakamgeukia mwenyekiti. Vaelupe alimkazia macho msichana yule, ambaye hakuinamisha uso safari hii. Kisha akamwita Sakaio alete samaki.

Akakaa ukingoni, akavua ndala, akanyoosha miguu yote miwili mbele ya kijiji. Fuatino akapiga magoti, akaishika, akapitisha kidole gumba polepole kati ya vidole, akabonyeza nyayo huku na huku akimuuliza anasikia au hasikii, naye akajibu nasikia, nasikia, hapo unanitekenya. Fuatino akachukua kalamu, kisha akasita, hakujua aandikeje.

"Tisa," Vaelupe akamwambia. "Andika vidole tisa, na mbele yake uandike safi."