Kifungu cha Nne: Kuchelewa kwa Fainali

RIPOTI YA MASHINDANO YA KIMATAIFA YA MWALIKO YA KANDANDA YA WANAWAKE, MIGORI, 1968, KIFUNGU CHA NNE, SABABU ZA KUCHELEWA KWA FAINALI, na hapo Bwana Cephas, mkubwa wangu wa ofisi, amekwama, ameshika kikombe, anatafuta neno, na mimi vidole viko juu ya mashine, nakala tatu za kaboni zinangoja pamoja nami… “Andika, Machuki: fainali ilichelewa kwa sababu ya golikipa wa Migori, ambaye alionyesha… alionyesha nini? Ukaidi? Hapana, ukaidi ni wa punda. Tafuta neno. Kisha andika, inapendekezwa aondolewe katika timu itakayokwenda Tarime kwa marudiano.” Anajua golikipa ni mke wangu, lakini Bwana Cephas anaamini kwamba mtu akiketi mbele ya mashine ya serikali hana mke, ana nafasi ya kazi tu… kimataifa, neno alilolipenda tangu mwanzo, timu tatu, sisi, Homa Bay waliotolewa Alhamisi, na Tarime ya Tanzania, ambao nahodha wao Bhoke alicheka aliposikia amekuwa wa kimataifa, “Ng'ombe wa mama yangu mdogo wanalala Kenya wanakunywa maji Tanzania, nao pia mtawaandikia mwaliko?”… na Nyasuguta, mke wangu, kwenda Tarime, hilo ndilo analolisema tangu mwezi uliopita akiosha vyombo, hajawahi kuvuka mpaka kwa jambo lolote isipokuwa matanga, glavu zake alizozishona kwa kipande cha turubai zimeanikwa kwenye ua, kavu tayari… “Utovu wa nidhamu,” anasema Bwana Cephas, “hapana, hilo tulilitumia kwa dereva”… na tarehe, nani aliyepanga tarehe, yeye alisema tu “mwisho wa wiki, Machuki, wewe una kalenda,” na mimi nikakaa na kalenda kama waziri, nikasema Jumapili haiwezekani, Marcella wa timu yetu na wenzake wa Katoliki watakuwa misani, Padri atalalamika, nikajipongeza kwa busara, nikapiga JUMAMOSI, SAA KUMI ALASIRI, kwa herufi kubwa, mimi niliyezaliwa katika nyumba ya Waadventista, ambao Sabato yao ni Jumamosi mpaka jua lizame, mimi ambaye kila Jumamosi nakaa kanisani ubavuni mwa Nyasuguta namshikia mtoto wetu Milka asilie, nikakumbuka ibada ya watu wote wa Migori nikasahau ya nyumbani kwangu, kwa sababu ofisini Jumamosi ni nusu siku ya kazi, basi, na ndivyo kiti hiki kinavyomfanya mtu… siku kumi na moja nilinyamaza nikiomba mvua, mpaka tangazo likabandikwa sokoni, akaja nyumbani na kikapu chake, “Baba Milka, nani amepanga mechi siku ya Sabato?” nami nikasema, Mungu anisamehe, “Serikali.” Akanitazama. “Hiyo serikali haina mama?” akaenda kuchambua mboga… “Kiburi,” anasema Bwana Cephas, “yawa, kiburi si neno baya,” lakini hakuniambia nipige, anapuliza chai… kiburi gani, alitoka kanisani na gauni lake jeupe akaketi kando ya mlingoti wa goli, viatu mkononi, watu mia tatu wamejaa, mgeni wa heshima ana safari, na Bwana Cephas mbele yake, “Mama, ingia golini,” naye bila kupandisha sauti, “Jua liko pale, Bwana. Likiingia, nami nitaingia.” Akaonyeshwa saa, saa kumi na mbili na nusu, kwa hesabu ya ofisi jua limeshazama, “Basi liambie jua lenyewe, Bwana,” na watu wakacheka, hata refarii… kabla ya hapo walimwambia Bhoke apige mpira golini achukue kombe, goli lilikuwa tupu, naye akaketi nyasini pale pale, timu yote ya Tarime ikaketi, “Hatukuja mbali hivi kufunga nguzo mbili. Dada, sogea tukae,” wakaambiwa mpaka unafungwa saa kumi na mbili! “Ufungwe,” akasema Bhoke, “tutalala kwa golikipa”… na kweli wakalala kwetu, watano sebuleni, wengine kwa Marcella, asubuhi wakamsuka Milka nywele kwa mtindo wa Tanzania, kama upo, na Nyasuguta akanisogezea kikombe mbele ya wageni, “Serikali inywe chai, itapoa,” wakacheka wote, nami nikacheka, nikadhani anaicheka serikali… na jana tena, “Serikali imesahau kofia,” na leo mlangoni, akinifungia kifungo cha kola, taratibu, “Serikali irudi mapema, kuna samaki kutoka Sori”… ngoja… chini ya kila karatasi inayotoka hapa, pembeni, kuna herufi za mwanzo za jina la aliyesema na za aliyepiga, huu mtindo wa ofisi ninaupiga bila kuuangalia, uko hata kwenye tangazo la sokoni, na pale zote ni A.M., zangu, na Nyasuguta ni mtu anayesoma mpaka mwisho, husoma hata karatasi ya kufungia sukari… alijua. Aliponiuliza ni nani, alikuwa ameshasoma ni nani. Alijua alipoketi kando ya mlingoti akitukanwa na mashabiki wa timu yake mwenyewe, nami nimesimama hatua kumi nimeshika bendera ya kona, angeninyooshea kidole tu yangeisha, hakuninyooshea, ameniachia hiyo Serikali nivae kama koti la kuazima mpaka nitakapoona joto… “Umepata neno, Machuki?” Bado ameshika kikombe, mvuke bado unatoka, nje mtu anaita mkokoteni, hakuna kilichosogea katika chumba hiki. “Nimepata, Bwana,” nasema, na vidole vinashuka vyenyewe, kaboni tatu, moja ya Tanzania: Tarehe ilipangwa na karani, A. Machuki, aliyesahau Sabato. Fainali ilianza Jumamosi baada ya jua kuzama, ikachezwa dakika kumi na tisa, mpaka mpira ukawa hauonekani. Tarime walishinda moja kwa bila. Golikipa alicheza.