Tangi la Chini Lisijazwe

Newala, hakuna aibu ya nyumba kama chombo kukaa kitupu mvua ikinyesha. Ndoo, sufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto, vyote hutolewa nje, maana maji ya bomba yanapandishwa kutoka bondeni, na pampu ikiharibika watu hubaki kuangaliana tu. Sikuzani alizaliwa na kuolewa katika mazoea hayo. Kwa hiyo mumewe Shamte alipoweka sebuleni tangi la kioo na kuliacha nusu tupu makusudi, alimwona amepungukiwa na akili.

Tangi hilo lilikuja na mtoto wao, Mujibu. Biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, mgeni mmoja alianzisha kampuni Mtwara ya kusafirisha samaki wa mapambo nchi za nje, na Mujibu akawa mzamiaji wake wa kuwakamata. Kampuni ikafa, kama zilivyokufa nyingi za siku zile. Mujibu akarudi nyumbani amekonda, anakohoa, na badala ya mshahara amebeba matangi mawili, pampu, taa, na samaki wawili wa rangi ya chungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hospitali walimpa vidonge na maneno mazuri. Shamte aliyaelewa yale maneno.

Mujibu hakuwa na nguvu hata ya kuinua nyundo, akawa anaelekeza kutoka mkekani. Tangi la samaki likakaa juu ya meza, la pili chini yake. Maji ya bahari, yaliyoletwa kwa madumu na lori la korosho lililokuwa likirudi tupu kutoka Mtwara, yalishuka kwa mpira hadi tangi la chini, yakapita katikati ya mwani uliowashiwa taa, kisha pampu ikayarudisha juu.

"Mwani unakula uchafu wa samaki, baba," Mujibu alieleza. "Maji yanashuka machafu, yanapanda masafi. Lakini tangi la chini lisijazwe. Umeme ukikatika, ya juu yatashuka, lazima yakute nafasi."

Akabandua plasta mkononi, pale alipochomwa sindano, akampa babaye aibandike kwenye kioo cha tangi la chini, iwe alama. Maji yasipite hapo.

"Mbona hamlijazi?" Sikuzani akauliza.

"Utaalamu huo, Mama Mujibu. Huwezi kuuelewa," Shamte akajibu, na kwa kweli alijiona fundi.

Samaki wakachangamka. Mujibu naye akaanza kula. Uji aliokuwa akiukataa alikubali kuunywa pale tu samaki walipolishwa, wao punje, yeye kijiko. "Hebu ona wanavyogombania," Shamte alimwambia kila mara, na kijana akajiinua kwa kiwiko. Hawa wakifa, Shamte aliwaza, nitamwambia nini afumbue kinywa? Wazo hilo lilimtisha kuliko kile kikohozi.

Mvua ya kwanza ilinyesha Shamte akiwa Masasi, anatafuta dereva wa kumpatia maji mengine ya bahari. Alirudi jioni na dumu moja la maji hayo begani, amelowa chapachapa. Sikuzani akampokea mlangoni akicheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau.

"Baba Mujibu, leo tumepata! Kila chombo kimejaa. Hata la samaki sikulisahau. Nililijaza la chini, umeme ukakatika, likafurika sebule nzima. Nikaona maji yenyewe ya chumvi, yananuka, nikayamwaga. Nimewawekea ya mvua, masafi, mpaka juu. Na wao wafurahi."

Shamte akaingia ndani. Matangi yote mawili yalikuwa yamejaa pomoni, maji yanang'aa. Samaki walikuwa wamelala ubavu. Alifungua dumu akalimimina lote, huku akijua ni kazi bure. Hawakutikisika.

Mujibu, aliyelazwa usingizi na vidonge tangu mchana, alikuwa ameamka, anatazama. Hasira ikampanda Shamte, akageuka kumfuata mkewe jikoni.

"Baba," Mujibu akasema kwa sauti ndogo. "Usimwambie."

Sikuzani akaja na bakuli la uji. "Samaki wamelala?"

"Wamelala, mama."

"Haya, na wewe kunywa kidogo, mwanangu, ulale."

Akapeleka kijiko. Mujibu akafumba mdomo na kugeukia ukutani. Sikuzani alibembeleza, akatania, akabembeleza tena, mwishowe akamtazama mumewe.

"Mwambie wewe, Baba Mujibu. Wewe huwa anakusikia."

Maneno aliyokuwa nayo Shamte yalikuwa yale yale ya kila siku, hebu ona wanavyogombania, na hayakuwa na kazi tena. Akakaa chini kando ya mkeka, akapokea kijiko kutoka mkononi mwa mkewe, akabaki amekishika.