Mbwa Aliyeacha Kubweka

Waliniita mimi, daktari wa mifugo, katikati ya Januari, siku ambazo kwetu husemwa kwamba pembe za fahali wa miaka mitatu huganda kwa baridi. Mgonjwa alikuwa Basar, mbwa mlinzi wa Nansalmaa. Siku kumi na moja kabla, Luvsandorj, mume wa Nansalmaa, alikwenda kutafuta farasi waliopotea, na Basar akamfuata. Mbwa alirudi peke yake; watu wa bonde walikuwa bado wakimtafuta Luvsandorj. Tangu hapo hakula wala hakubweka tena, na mbwamwitu walikuwa wamekwisha kuchukua kondoo sita.

Mbwa haingii hemani, lakini niliomba aletwe karibu na jiko nimpime. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.6. Ufizi wa rangi ya waridi, tumbo laini, mapafu safi.

"Haumwi," nilisema. "Kipindi hiki mbwa wengi hunyong'onyea. Mwanga ni kidogo, kutembea kidogo. Na huyu amempoteza bwana wake. Ana huzuni."

"Huzuni!" Gombosuren, mdogo wake Luvsandorj, alicheka, bunduki ikiwa magotini. "Mimi nimempoteza kaka, daktari, na bado nakula. Mbwa asiyebweka ni ngozi tu. Leo jua likizama namaliza kazi."

"Wewe ukikosa kula mara moja bonde zima litasikia," Nansalmaa alimjibu. "Humgusi, shemeji. Yeye ndiye wa mwisho kumwona mume wangu."

Ndipo ikaja sauti kutoka nje.

"Shikeni mbwa!"

Kila mgeni huita hivyo anapolikaribia hema, kabla hajashuka kwenye farasi. Basar hakubweka. Aliinua masikio, mkia ukaanza kupigapiga zulia.

"Kaka!" Gombosuren aliruka. Nami niliitambua sauti. Nilikuwa nimewatibu ng'ombe wa Luvsandorj kwa miaka tisa.

Nansalmaa alimdaka mkono.

"Keti. Tangu lini mtu akapiga hodi kwake mwenyewe?"

Gombosuren aliketi. Ilikuwa saa nane mchana.

"Shikeni mbwa!"

Nansalmaa aliitazama bunduki, kisha mbwa. Akapiga magoti, akamkumbatia Basar shingoni kwa mikono yote miwili.

"Tumemshika," alisema. "Karibu ndani."

Mlango haukufunguka. Kichwa cha Basar kiligeuka taratibu, kama anayemfuata mtu kwa macho, kutoka mlangoni hadi upande wa magharibi. Hakikufika upande wa ndani kabisa, anapoketi mwenye nyumba. Kilikomea karibu na mlango, wanapoketishwa wageni wasiojulikana.

"Daktari," Nansalmaa alisema bila kumwachia mbwa, "mmiminie mgeni chai."

Nilimimina. Zilipita kama dakika kumi. Kisha kichwa cha Basar kikarudi mlangoni, na Nansalmaa akalegeza mikono. Bakuli la chai nililoliweka hatua mbili tu kutoka kwenye jiko lililowaka lilikuwa na utando wa barafu. Nilitoka kuangalia. Theluji ilikuwa imefunika hata alama za gari langu, na juu yake hapakuwa na unyayo wala ukwato.

"Wapigie simu wanaotafuta," Nansalmaa alimwambia shemeji yake. "Waambie wasihatarishe watu tena. Wangoje theluji iyeyuke."

Gombosuren alipiga simu, akinong'ona. Basar aliinuka, akala mapafu ya kondoo niliyomletea, akaramba sahani. Nilipouchukua mkoba wangu alisimamisha manyoya ya shingo, akanibwekea kwa sauti nzito, mara tatu, mara nne.

Gombosuren alizitoa risasi bundukini, akazitia mfukoni.