Namba Alizopunguza Denise

Kutoka na chakula jikoni mwa shule ni marufuku, ila mpishi mkuu ana kawaida ya kugeuka kutazama dirishani kila Denise Oldroyd, msaidizi wake, anapofunga bakuli lake kwa taulo. Mchana huo wa Januari alilibeba hadi kwa jirani yake, mzee Wilf Thackray, akagonga mlango kwa kiwiko. Mzee alifungua amevaa koti zito, kofia ya sufu na glovu.

"Unatoka, mzee?"

"Nitoke niende wapi? Hivi ndivyo ninavyokaa. Ingia, usije ukanitolea baridi yangu nje."

Alicheka peke yake. Sebuleni mle pumzi ilionekana. Denise aliweka bakuli mezani, akajitahidi asitazame ukutani, maana huko ndiko vilikokuwa vile vikaratasi vya njano. Kimoja juu ya swichi ya boila, mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto: ZIMA. Kingine mlangoni: WILF, UMEZIMA BOILA? Kingine pembeni ya kiti chake. Karatasi zenyewe alimnunulia Denise, yeye huyuhuyu, mzee alipomwagiza.

"Jumatatu watu wa gesi wanakuja," Wilf alisema akifungua taulo. "Wana karatasi ya mahakama. Wanang'oa mita yangu, wananifungia ya kadi kama yako."

Denise aliijua vizuri mita ya kadi. Unaijaza hela dukani, nayo inakata deni kwanza kabla hujaonja joto.

"Hilo nimelimeza," mzee aliendelea. "Lakini binti yangu Gillian naye anakuja Jumamosi. Kanipatia nafasi kwenye nyumba ya wazee hukohuko kwake Leicester. Anasema mtu anayeacha boila inawaka mwezi mzima bila kujua, ipo siku ataacha na jiko, ajilipue na mtaa mzima."

"Wewe umemwambiaje?"

"Nimwambie nini? Bili ile mtu hawezi kuibishia. Mimi sikumbuki kuiacha inawaka. Lakini si ndivyo walivyo wanaosahau, mwanangu? Hawakumbuki kwamba wamesahau." Alichota mchuzi. "Nimekaa nyumba hii tangu nioe. Basi."

Denise alisikia uso ukimwaka katika chumba kile cha barafu. Ilikuwa aibu, kwa sababu Wilf hakuwa amesahau kitu. Aliyefanya yale ni yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Mita ya gesi ya Wilf iko chini ya ngazi, na magoti yake hayakunjiki tena. Kwa miaka mingi Denise ndiye aliyetambaa na tochi, akasoma namba na kuipeleka kwa kampuni. Na kila baridi ikiingia alikuwa akiipunguza kidogo, bili isimpasue mzee wa watu, kisha kiangazi anafidia. Nusu ya mtaa walifanya hivyo, na wala hakuona kama ni wizi. Mwishowe mwaka huisha sawa kwa sawa.

Halafu majira ya kupukutika majani, ile kampuni yake ya gesi ya bei nafuu ikafilisika. Tangazo likatoka: kila mteja asome mita leo, gesi iliyotumika hadi leo italipwa kwa bei ya zamani, kuanzia kesho ni kampuni mpya na bei yake. Denise akapunguza namba kama kawaida yake, tena safari hii akapunguza sana, akijiona mjanja. Kumbe gesi yote aliyoificha iliangukia upande wa bei mpya, karibu mara mbili. Mpima mita wa kampuni mpya alipokuja kusoma mwenyewe, namba ikaruka kana kwamba Wilf amechoma gesi mchana na usiku. Wakampandishia malipo ya kila mwezi. Akashindwa. Akazima boila kabisa, akaanza kubandika vikaratasi.

Na Denise akanyamaza. Kila siku alijiambia kesho. Alileta mchuzi badala ya maneno.

Sasa alivuta kiti, akachukua simu ya mzee.

"Unampigia nani?"

"Kampuni. Wewe waambie tu kwamba umeniruhusu kusema."

Muziki wa kusubiri ulipigwa hadi mchuzi ukapoa. Hatimaye dada mmoja akapokea, sauti tamu, akamhoji Wilf jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha akasema haya, mama, nakusikiliza. Denise aliacha simu kwenye spika. Hakumtazama Wilf.

"Ile namba ya siku ya mwisho, ya kampuni ya zamani, ilikuwa ya uongo. Niliipunguza mimi. Huyu mzee hakujua. Naomba muirekebishe."

Kijiko cha Wilf kilisimama.

"Namba hiyo ilithibitishwa, mama, na muda wa pingamizi umepita. Isitoshe, ile kampuni haipo tena. Hakuna wa kurekebishana naye."

"Haipo? Mbona wafilisi wake wanamwandikia kila wiki kumdai pauni kumi na nane?"

"Hao ni idara tofauti, mama."

"Kwa hiyo kwenye kudai ipo, kwenye kurekebisha haipo."

"Na ni wajibu wangu kukujulisha kwamba kutoa namba isiyo ya kweli ni kosa. Nimeliweka kwenye kumbukumbu za akaunti."

"Sawa, niweke. Na wale wenye kampuni waliokula hela za watu wakafunga duka, wao mmewaweka wapi?"

Dada alivuta pumzi. "Kuna jambo lingine naweza kukusaidia leo?"

Denise alikata simu. Deni lilikuwa palepale na Jumatatu ilikuwa palepale. Alingoja afukuzwe.

"Kwa hiyo sikusahau," Wilf alisema.

"Hukusahau, mzee."

"Akili yangu ni nzima."

"Nzima kabisa. Nisamehe."

Wilf alisimama polepole, akaenda ukutani, akabandua kikaratasi cha kwanza. Akabandua cha mlangoni. Cha pembeni ya kiti kilipasuka, akakikwangua kwa ukucha.

"Ulikuwa unaingia humu unaviona," alisema bila kugeuka. "Unaviona, halafu unaniuliza kama mchuzi una chumvi."

Denise angetukanwa ingekuwa nafuu.

Wilf aliwasha boila. Ilikohoa, ikanguruma. Alivua kofia, akaiweka mezani, kisha akabonyeza namba ya Gillian na kumsukumia Denise simu.

Kumwambia yule dada ilikuwa rahisi, ni mtu asiye na uso. Huyu Gillian alikua naye mtaa huu huu, wakilala kitanda kimoja kila wazazi wao walipokwenda dansini.

"Baba?" Gillian alipokea. "Umefanya nini tena?"

Denise aliiinua simu kwa mikono miwili.

"Gillian, ni Denise. Baba yako hajafanya kitu. Ni mimi."